Hendeli ya Gurudumu Kubwa

Jumanne, 15 Juni 1993

Baridi. Leo amekuja mtu wa vyuma chakavu. Si wa huku, anaongea haraka haraka. Lori kalisimamisha mbele ya nyumba ya Walburga, jirani yangu, moshi wote ukaingia jikoni kwangu. Akachungulia bandani bila hodi. Akaiona mashine ya kukereza chini ya turubai. Mzee, hii imekufa, akasema, tukuondolee upate nafasi. Nikamwambia haijafa. Akauliza, inafanya kazi? Nikasema inafanya!

Uongo mtupu. Haijakereza hata mguu wa kigoda tangu Novemba 1987, mwezi tuliomzika Brigita, mke wangu.

Amesema mwezi wa nane atapita tena. Akikuta inazunguka, ataagiza kitanda. Akikuta imelala, anaibeba. Alisema kwa kucheka, na mimi nikacheka. Alipoondoka ndipo hasira ikapanda, na bado haijashuka. Nimeitoa hii kauntabuku ya zamani ya binti yangu Jane, imebaki kurasa nyingi, nianze kuandika humu. Ndani ya nyumba hakuna mtu wa kumwambia kwamba nimebishana na mwenye lori.

Alhamisi, 17 Juni

Nimevuta turubai. Lo! Panya wamejenga mji mzima chini ya mashine. Wamejaza maranda — maranda yangu mwenyewe, ya mninga, bado yana wekundu wake. Niliyashika nikayanusa kama mjinga.

Kutu kila mahali. Kiegemeo cha patasi kimegandana na mwili wa mashine, hakiendi mbele wala nyuma. Ile misumari miwili minene inayobana mti huku na huku, mmoja mzima, mwingine umeliwa ncha. Mkanda wa ngozi umekauka. Nilipoukunja ukakatika mikononi.

Gurudumu kubwa ni zima. Nililisukuma kwa kiganja likazunguka nusu, likalia, likasimama.

Hendeli yake haipo. Nilijua haipo. Bado nikatazama msumari wa ukutani ilipokuwa inatundikwa.

Jumamosi, 19 Juni

Mafuta ya taa, brashi ya waya, msasa. Kutwa nzima. Mikono imekuwa rangi ya tofali. Kiegemeo kimekubali saa tisa alasiri, baada ya kukipiga na kukibembeleza na kukipiga tena. Kilipoteleza nilipiga kelele ya furaha — Walburga akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama nimeumia. Nikasema hapana. Nikakaa. Furaha ya mtu mmoja haichukui muda.

Fulgence amepita. Huyu ndiye mchomeleaji wa Bombambili, kijana mwenye adabu, shikamoo yake haikosi. Aliuliza inakwendaje hii bila umeme. Nikamwonyesha. Hapa mbele anasimama mkerezaji na patasi yake. Kule nyuma, hatua tatu, linasimama gurudumu kubwa, na mtu wa pili analizungusha kwa hendeli. Mkanda unatoka kwenye gurudumu unakuja kuzungusha mti. Kwa hiyo lazima wawe wawili, akasema. Nikasema ndiyo, wawili. Akatazama banda lote kama anayemtafuta huyo wa pili. Akasema mzee, siku hizi maduka yamejaa mota kutoka Dubai, nunua moja ufunge. Nikamwuliza umeme ulirudi saa ngapi jana. Akacheka.

Jumapili, 20 Juni

Misa ya pili. Mahubiri marefu. Nje ya kanisa watu wanasalimiana makundi makundi, wewe unasimama kidogo pembeni na kofia mkononi, unatikisa kichwa kwa kila mtu, unaondoka.

Nimesonga ugali wa watu wawili tena. Miaka sita mkono haujajifunza.

Barua ya Jane kutoka Dar es Salaam. Wamenunua makochi. Vitanda vya chuma viko kila kona, anasema, hakuna anayeuliza tena miguu ya kukereza. Anataka niuze nyumba niende kwao. Baba, anaandika, unaongea na nani huko? Nitamjibu nini? Naongea na panya. Nao wanahama.

Jumatano, 23 Juni

Fulgence amenitengenezea hendeli kwa nondo. Amepinda vizuri, amechomelea vizuri. Nimeipachika, imekaa. Lakini nondo ni nondo, inachubua kiganja. Ile ya zamani ilikuwa na kishikio cha mpingo nilichokikereza mwenyewe, kilikuwa kimeshalainika kwa jasho.

Fulgence akauliza, ile ya zamani ilikwenda wapi? Nikasema ilipotea. Uongo wa pili mwezi huu. Nikiendelea hivi Padri atanikimbia kwenye kitubio.

Haikupotea. Iko mtaa wa Lizaboni, kwa Chande.

Ijumaa, 25 Juni

Nitaandika mara moja, nisiandike tena.

Chande ni mtani wangu. Yeye Myao, mimi Mngoni. Mashine tuliinunua pamoja mwaka 1968 kwa bruda mmoja mzee wa misheni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Miaka kumi na tisa yeye alizungusha, mimi nilikereza. Na miaka yote hiyo hatukupeana neno moja la heshima! Asubuhi akifika, mimi: Mtumwa wangu, umeamka? Naye: Mtumwa ni babu yako, aliyekimbia vita akajificha uvunguni kwa bibi yangu. Hapo ndipo kazi inaanza. Siku tuliyosalimiana vizuri, Brigita alikuwa anakuja kuuliza nani anaumwa.

Brigita alipofariki watani walifanya kazi yao. Walichota maji, waliosha vyombo, walimkamata jogoo wangu wakampika bila kuniuliza, walilala njiani wakasema jeneza halipiti mpaka wapewe chochote. Yote hayo nilivumilia. Mimi nilikuwa humu bandani, nimekaa, siwezi kukaa na watu. Ndipo Chande akatoka chumbani kwangu. Kavaa kitenge cha Brigita. Kilemba cha Brigita. Mwiko mkononi. Akaja mlangoni hapa akaita: Makarius! Ugali unapoa! Au hiyo mashine ndiyo itakupikia?

Uani watu waliangua kicheko. Wanawake waliokuwa wanalia walicheka huku machozi yanatiririka. Jane mwenyewe alicheka. Ndiyo kazi ya mtani, waliobaki wapate kuvuta pumzi.

Nikampiga kofi.

Mbele ya wote! Mtani hapigwi. Mtani hakasirikiwi. Hilo hata mtoto wa shule ya vidudu analijua. Uani pakawa kimya, hata moto ulisikika. Chande akavua kitenge, akakikunja vizuri, akampa Jane. Akaingia bandani, akachomoa hendeli ya gurudumu, akaondoka nayo. Hakukimbia.

Hiyo ilikuwa haki yake. Mtani huchukua kitu cha mfiwa, na mfiwa humfuata nyumbani kwake na kuku mmoja, wanatukanana kidogo, anakikomboa kitu chake, kuku analiwa, basi. Kila mtu alijua kwamba kwa kuichukua ile hendeli Chande alikuwa ameniachia mlango wazi. Baada ya kofi! Wote walitegemea kesho yake niende.

Sikwenda. Kwanza hasira. Halafu aibu. Halafu ukapita mwaka, na baada ya mwaka mtu anaanzia wapi? Sasa ni miaka sita kasoro miezi. Yeye yuko Lizaboni, mimi niko Mjimwema, na mji wenyewe ni huu huu mmoja.

Basi. Nimeandika.

Jumatatu, 28 Juni

Mkanda mpya. Nimeushona kwa ngozi ya ng'ombe, mishono mitatu mitatu. Msumari uliolika ncha Fulgence ameunoa. Grisi kila penye kuzunguka. Mashine inang'aa, hata mwenyewe nimeionea haya.

Nimejaribu peke yangu! Nilifunga kipande cha mkaratusi. Nikalizungusha gurudumu kwa nguvu zote, nikaliacha, nikakimbia hatua tatu nikachukua patasi. Mti ukawa unazunguka bado — nikagusa, ukasimama. Nikarudia. Kimbia, gusa, simama. Mara ya nne nikajikwaa kwenye mkanda. Mara ya saba nikajikata kidole.

Mzee wa miaka sitini na moja anakimbia huku na huku ndani ya banda lake, anajifukuza mwenyewe. Brigita angecheka hadi akae chini. Nimefunga kidole kwa kitambaa, nimekaa kwenye benchi, na sikucheka.

Jumamosi, 3 Julai

Walburga amejitolea kuzungusha. Ana nguvu, amelima ekari mbili za mahindi mwaka huu peke yake. Akashika hendeli, akazungusha kama anayesaga unga wa sherehe. Nikamwambia polepole, akapunguza. Nikaweka patasi — mti ukakamata, yeye hakuona, akakaza zaidi. Kipande kikachomoka, kikapita karibu na sikio langu, kikagonga bati. Kuku wote wa mtaa wakapiga kelele.

Nikamwambia, mama, lazima uangalie mgongo wangu! Bega likipanda, punguza. Nikiinama, kaza. Akaiachia hendeli akanitazama. Akasema yeye ni jirani, hawezi kusoma migongo ya watu. Akasema, Baba Jane, anayeusoma mgongo wako unamjua, na nyumba yake unaijua, na kuku ninao, nitakukopesha mmoja hata leo. Nikasema si rahisi hivyo. Akasema hajasema ni rahisi.

Kweli alikuwa anausoma. Miaka kumi na tisa Chande aliona mgongo wangu kuliko uso. Alikuwa anajua nimegombana na Brigita kabla sijafungua kinywa. Akijua hivyo alizungusha taratibu asubuhi nzima, huku ananitukana kwa sauti ya chini.

Jumatano, 7 Julai

Sabasaba. Nilikwenda Bombambili kutafuta msasa laini. Nilimwona Chande. Siku hizi ni fundi baiskeli, amekaa barazani pa duka, baiskeli imepinduliwa, anazungusha gurudumu kwa kidole anatazama kama limenyooka. Amezeeka. Ndevu nyeupe tupu. Kofia ni ile ile ya kufuma aliyofumiwa na mama yake, Bibi Biasha.

Nilisimama upande wa pili wa barabara. Hakuinua kichwa. Au aliinua nilipogeuka.

Nimerudi bila msasa.

Jumapili, 11 Julai

Hakuna. Misa. Ugali. Redio, betri zinaisha. Nimeifunika mashine tena kwa turubai, vumbi lisiingie. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Jumanne, 13 Julai

Walburga ameleta habari kabla sijanywa chai. Bibi Biasha amefariki alfajiri. Wanazika leo leo alasiri.

Bibi Biasha! Alikuwa ananiita mume wangu wa pili. Kila mwezi alimpa Chande kisamvu kiletwe kwa mume wake wa pili, na Brigita akipokea alikuwa anasema mwambie mke mwenzangu asante. Baada ya kofi lile kisamvu kiliendelea kuja miezi mitatu, kikiletwa na mtoto. Sikukirudisha wala sikutuma shukrani. Kikakoma.

Mimi ni mtani. Msiba ule una kazi yangu. Mimi ndiye wa kuvaa nguo yake, wa kumwigiza, wa kuwafanya wapumue. Mimi, niliyempiga mwenzangu kwa kazi hiyo hiyo!

Koti nimelivaa mara mbili. Nimelivua mara mbili. Saa kumi nilisikia kwamba wameshazika.

Jumatano, 14 Julai

Sikufanya kazi. Nimekaa kwenye benchi, mahali palepale nilipokaa siku ile.

Kuna kitu sikukiandika ile Ijumaa. Nakiandika sasa. Siku ile nilikuwa nimeinama, natazama sakafu. Ikaja sauti: Makarius! Ugali unapoa! Chande alikuwa anajua kuigiza, sauti ilikuwa ya Brigita kabisa, ule mkwaruzo wake, ile namna ya kulivuta jina langu mwishoni. Na mimi nikasema, Nakuja. Nilisema kwa sauti! Nikasimama. Nilishapiga hatua moja, moyo umeshafurahi. Halafu nikaona ndevu chini ya kilemba.

Watu wanadhani nilimpiga kwa sababu alimdhihaki marehemu. Hata Chande anadhani hivyo. Nilimpiga kwa sababu hakuwa yeye.

Alhamisi, 15 Julai

Nimekwenda.

Leo wameanua tanga, siku ya tatu. Niliondoka hapa saa nne, na kuku wa Walburga chini ya kwapa. Njia nzima naongea na kuku. Nilipofika Lizaboni uani pamejaa, mikeka, sahani za wali, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nilipotokea watu wakaanza kukatisha mazungumzo, mmoja mmoja. Wazee wote walikuwepo mwaka ule. Wote wanakumbuka.

Chande amekaa mkekani, mgongo ukutani. Akaniona.

Nilikuwa nimepanga kusema pole. Nilikuwa nimeipanga njiani, sentensi nzima, nzuri, na nisamehe ndani yake. Lakini mtani akija kwa mtani na pole ya heshima ni kama mgeni wa serikali — watamkaribisha kiti, watampa soda, ataondoka mgeni. Hilo nililijua nikiwa nimesimama pale. Nikamwachia kuku mikononi mwa mwanamke wa karibu. Nikaenda moja kwa moja hadi mlangoni pa Bibi Biasha. Kigoda chake kipo. Fimbo yake ipo. Kanga yake imeanikwa kwenye kamba. Nikaivuta, nikajitanda kichwani, nikakaa kigodani, nikashika fimbo, nikaipiga chini mara mbili alivyokuwa anafanya.

We Chande! Kuku umefunga? Ndevu zote hizo, kufunga kuku hujui! Na mume wangu wa pili yuko wapi, yule Mngoni mwoga, kisamvu changu amekula na bakuli langu hakurudisha!

Sauti haikutoka vizuri. Mimi si Chande. Ilitoka kama ya mbuzi. Nikasema moyoni, Makarius, umekwisha. Halafu mwanamke mmoja mzee upande wa kule akapasuka — bakuli! — na wote wakafuata. Walicheka. Binti yake Chande, Zabibu, alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanaruka, na sikujua kama ni kicheko au ni kilio, nadhani vyote.

Chande hakucheka. Aliinuka. Akaja polepole. Nikainuka na mimi, na kanga yangu kichwani, nikasimama karibu kabisa, mkono wake unifikie bila kujinyoosha. Nilikuwa nimeshakaza shavu. Nililitaka lile kofi, Mungu anajua. Lingekuwa langu kwa haki, tungekuwa sawa.

Hakunipiga. Alinitazama tu. Macho mekundu. Midomo ilicheza kidogo, ikatulia.

Sikuweza kuvumilia. Nikamnyakua kofia kichwani nikakimbia!

Mzee mzima, magoti haya, kanga ya marehemu inapepea, nakimbia katika barabara ya Lizaboni na kofia ya mtu mkononi. Nyuma vigelegele. Mtu akapiga kelele, Mngoni anakimbia vita tena! Sikuitambua sauti. Sijui kama ni yake. Nilikimbia mpaka kona, nikatapika chai yote, nikatembea mpaka nyumbani.

Kofia iko hapa mezani. Ina harufu ya mafuta ya baiskeli.

Ijumaa, 16 Julai

Hakuja.

Jumamosi, 17 Julai

Hakuja. Kanga nimeifua, nimeipiga pasi, nimeipeleka kwa Walburga airudishe. Kofia sijairudisha. Kofia ni ya kukombolewa na mwenyewe. Nimeitundika kwenye ule msumari wa ukutani wa hendeli.

Jumatatu, 19 Julai

Saa tatu asubuhi, hodi. Zabibu. Amekuwa mama mtu mzima, nilimwacha msichana. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Nikampa benchi. Akakaa na kifurushi mapajani, gazeti na kamba.

Alisema baba yake amemtuma kuchukua kofia. Akafungua gazeti.

Hendeli.

Nilidhani nitaona kutu. Miaka sita! Sikuona hata doa. Chuma cheusi safi, kimepakwa grisi mpya, kishikio cha mpingo kinang'aa. Zabibu akaona natazama. Akasema, anaipaka kila mwezi, baba. Inakaa chini ya kitanda chake. Mama alishagombana naye, kwamba inachafua mkeka, na hakuna baiskeli yenye kitu kama hicho.

Akaninyooshea. Mkono wangu ulishaanza kwenda. Halafu nikaurudisha. Nikachukua hatua nyuma kabisa, kujizuia.

Nikasema, kofia haitoki kwa mjumbe. Mwambie mtumwa wangu aje mwenyewe.

Neno hilo sikulitamka miaka sita. Lilitoka na kutu.

Zabibu akatabasamu, akaanza kuifunga tena hendeli katika gazeti, taratibu, kona kwa kona. Akasema, baba alisema utakataa. Na alisema ukikataa, nisiiache.

Amekwenda nayo! Nilitaka kumkimbilia hadi barabarani. Alifika mlangoni akageuka. Akasema, lingine nilitaka kusahau. Ameniambia nikuulize umefunga mti gani.

Kumbe anajua. Mji wote unajua, labda Fulgence, labda Walburga. Nikamwambia bado sijafunga wa maana, lakini ninao mninga, wa mwaka ule, umekauka vizuri. Akasema atafikisha. Nikamwambia, na Ijumaa nipo. Kutwa nzima nipo. Akasema, baba, wewe uko kila siku.

Kweli. Mimi niko kila siku.

Jumanne, 20 Julai

Nimejibu barua ya Jane. Nimemwambia siji sasa hivi. Sababu nimeandika ni baridi, kifua, safari ndefu. Kisha nikaichana, nikaandika: namsubiri Chande. Mstari huo mmoja na salamu kwa mume wake.

Ijumaa, 23 Julai

Nimeamka mapema. Nimefagia banda mpaka ardhi imelalamika. Mninga nimeufunga kwenye mashine, nimeuchonga pembe nane kwa shoka ili usimgonge mtu. Patasi tatu nimenoa. Hendeli ya Fulgence nimeichomoa kwenye gurudumu, nimeitupa nyuma ya nyumba kwenye majani. Sasa gurudumu lina tundu tupu na mashine haiwezi kuzunguka hata robo. Yule wa vyuma akija leo, anabeba.

Walburga ameleta mboga na kuniuliza kama nimesonga. Nimesonga. Wa watu wawili. Safari hii nilikusudia.

Saa nane kasoro. Msikitini walishatoka. Kutoka Lizaboni kwa baiskeli si mbali, ila mlima ule wa kuingia huku mtu wa umri wetu anashuka anasukuma. Nimemhesabia na mlima. Muda huo umeshapita.

Kinachonisumbua si hicho. Tangu asubuhi natafuta tusi. Akiingia nikamwambia pole kwa msiba, au nisamehe ndugu yangu, ataweka hendeli kwenye benchi, atachukua kofia yake, ataniombea dua na ataondoka kwa adabu zake zote. Namjua. Lazima nimpokee na tusi, na liwe zuri, la miaka sita. Nimejaribu mengi. Mengine makali, sina tena haki nayo. Mengine mepesi, atadhani nimezeeka. Yule Brigita angenipa moja sasa hivi, bila kuinua macho kwenye mboga.

Saa nane na nusu. Baiskeli imepita. Haikusimama.

Ugali unapoa. Nimeufunika.

Saa tisa kasoro robo. Nyingine. Hii inasukumwa, nasikia mnyororo — unalia, kwi, kwi, kwi, mkavu kabisa, haujaona mafuta mwaka mzima. Fundi baiskeli mwenye mnyororo unaolia! Mafuta yote anapaka hendeli ya mtu! Hilo hapo. Hilo ndilo tusi.

Imesimama kwa Walburga. Kwa nini kwa Walburga? Nyumba anaijua. Kama ni yeye. Walburga anasema kitu, sisikii. Sasa kimya. Sasa mnyororo tena.

Sitoki mlangoni. Naweka kalamu, nakwenda kusimama mbele ya mashine, na patasi, uso ukutani. Yeyote atakayeingia atakuta mgongo.